Kiongozi wa ushirika alicheka, na sasa binti yangu hataki kuingia kanisani

SWALI

Bwana asifiwe, Mama Mchungaji,

Nakuandikia kutoka viunga vya Dallas, huku Texas. Sisi ni watu wa Nakuru. Mume wangu alitangulia kuja kwa bahati nasibu ya viza, mimi na binti yetu tukamfuata baadaye. Yeye ana uraia na anapiga kura. Mimi makaratasi yangu bado ni ya ukaazi tu.

Tunaabudu katika kanisa kubwa la kiinjili lenye Wazungu wengi. Kabla sijalalamika naomba nikiri kwamba wametutendea wema. Nilipopasuliwa, watu wa ushirika wetu wa nyumbani walileta chakula hadi friji ikakosa nafasi. Kiongozi wetu ndiye aliyekuwa akimpeleka binti yangu shuleni, baba yake akiwa zamu ya usiku. Sitaki uwaone kama watu wabaya.

Mambo yalianza Septemba 2024, baada ya ule mdahalo wa wagombea urais ambapo Donald Trump alisema wahamiaji wa Haiti katika mji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa watu. Wakuu wa mji walikuwa wameshasema hawana ripoti yoyote ya kuaminika juu ya hilo. Wiki hiyo ushirika ulikuwa wa kula pamoja, kila mtu na chakula chake, nami nikapeleka sufuria ya pilau. Mama mmoja akafunua kifuniko, akaniuliza kama ni kuku kweli au akampigie jirani simu amtafute paka wake. Nyumba nzima ikacheka. Kiongozi alicheka mpaka akafuta machozi. Na mimi, Mama, nilicheka nao. Tulipokuwa tukitoka alinishika bega akaniambia, "Usijali, wewe si kama wao."

Nilinyamaza. Halafu ukaja uchaguzi, Trump akashinda. Siku iliyofuata binti yangu, ana miaka 14, alipata ujumbe kwenye simu kutoka nambari asiyoijua, ukimwambia amechaguliwa kwenda kuchuma pamba katika shamba lililo karibu naye. Baba yake alimwambia asali, asahau. Jumapili mchungaji akashukuru kwamba Mungu ameipa nchi nafasi ya pili, watu wakapiga makofi, na juu ya ujumbe ule hakusema hata neno. Nilipoutaja kwenye ushirika, kiongozi akasema huo ni mchezo wa watoto na tusimruhusu shetani atugawanye kwa rangi.

Mume wangu alimpigia Trump kura kwa sababu ya uavyaji mimba na bei ya vyakula. Anasema tulikuja kutafuta maisha, hatukuja kupigania rangi. Kusema kweli na mimi nilifikiri hivyo. Sisi si kama Weusi wa hapa, tulikuja na vyeti vyetu na tunafanya kazi. Lakini binti amekataa kabisa. Jumapili iliyopita alituambia, "Nyinyi endeni mkakae na wale," akajifungia chumbani.

Kuna kanisa la Wakenya, ni mbali kidogo, na kule nako watu wanakaa kikabila. Kuna la Wamarekani Weusi karibu na kwetu, ila mume wangu anasema kule ni siasa tupu. Je, nikihama nitakuwa nimegawanya mwili wa Kristo? Nifanye nini na mume wangu? Na nikiwa na hasira hii, nishiriki Meza ya Bwana au niache?

Mama asiyelala, Texas

JIBU

Asifiwe sana, mwanangu.

Umeniuliza juu ya kanisa, juu ya mumeo na juu ya Meza. Juu ya binti hukuniuliza kitu, umenisimulia tu. Nitaanza naye.

Ujumbe alioupata haukutoka kwa watoto wa darasani kwake. Kuanzia siku iliyofuata uchaguzi wa 5 Novemba 2024, ujumbe wa namna hiyo uliingia katika simu za watu Weusi kwenye majimbo mengi, wanafunzi wa shule na wa vyuo wakiwemo, hadi FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikatangaza kwamba ina habari nao. Kiongozi wenu alikupa jibu kabla ya kuuliza swali. Usiufute. Uhifadhi picha yake, uupeleke shuleni pamoja na barua, na udai jibu la barua.

Kisha mkae naye, wewe na baba yake, msiende na mstari wa Biblia mkononi. Mtoto wa miaka 14 akiitwa shamba la pamba na mtu asiyemjua, halafu baba akamwambia asali asahau, anaelewa kwamba nyumbani hakuna mwenye la kusema. Jumapili anapelekwa mahali ambapo watu wanapiga makofi na hakuna anayemuuliza alilalaje. Mimi nisingemlazimisha kwenda huko kwa sasa. Asiyetaka kukaa na watu waliomcheka mama yake hajamkataa Mungu bado. Atamkataa mkimfundisha kwamba ni kitu kimoja.

Sasa nikugeukie wewe, na utanivumilia. Katika barua yako umeandika, "Sisi si kama Weusi wa hapa." Soma tena alichokuambia kiongozi pale mlangoni. Ni sentensi ileile. Yeye alikutoa wewe kwa Wahaiti, nawe umejitoa kwa watu ambao babu zao walichuma hiyo pamba. Aliyemtumia binti yako ujumbe hakutaka kujua kama wazazi wake ni wa Nakuru wala kama wana vyeti.

Hili silisemi kukuumiza. Nimewasikia Waafrika wengi walio huko wakisema hivyohivyo, na wengine ni wazee wa kanisa. Tunafika Marekani tukikuta milango ya shule na kazi iko wazi, tunadhani ilifunguliwa na vyeti vyetu. Texas unayoishi ndiyo jimbo ambalo watumwa wake walitangaziwa uhuru pale Galveston tarehe 19 Juni 1865, zaidi ya miaka miwili tangu Rais Lincoln atoe tangazo lake la kuwaacha huru. Sheria ya uhamiaji iliyowafungulia Waafrika njia ni ya 1965, miaka ileile ambayo Wakristo Weusi walikuwa wakipigwa na polisi kwa kudai kura. Hiyo "siasa tupu" ya kanisa la jirani, mumeo anakula matunda yake.

Tuje kwa mumeo. Nakusihi usianze na kura. Kura yake ameipiga na ana sababu zake, na sababu ya uavyaji mimba hakuiokota barabarani, ameihubiriwa tangu ujana. Wapo Wakristo Weusi na Walatino waliopiga kama yeye, na wapo Wazungu wacha Mungu waliopiga kinyume. Hata hivyo picha kubwa inatisha. Katika uchaguzi ule, Wazungu wa makanisa ya kiinjili kama wanane kati ya kumi walimpa Trump. Waprotestanti Weusi, zaidi ya wanane kati ya kumi wakampa mpinzani wake, Kamala Harris. Biblia moja, nyimbo nyingi ni zilezile, na wote waliomba kabla ya kupiga kura. Mtu akiniambia kwamba upande mmoja unamsikia Roho na mwingine ni viziwi, namuuliza amewahi kula chakula mara ngapi na hao viziwi.

Tena sisi Wakenya hatuna mdomo wa kuwacheka. Wewe wa Nakuru unakumbuka kuliko mimi yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa pamoja na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Februari mwaka huohuo Baraza la Kitaifa la Makanisa likasimama mbele ya nchi na kukiri kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, likaomba msamaha. Wachungaji wetu walikuwa wamewaombea wagombea wa makabila yao na kuwaita wapakwa mafuta. Kwa hiyo mumeo akisema siasa isiingie kanisani, mwambie ilishaingia. Mchungaji aliposhukuru kwa nafasi ya pili, alikuwa anasema siasa. Alipoacha kutaja watoto waliotukanwa, hiyo pia ni siasa, ila haina kelele.

Muulize mumeo jambo moja tu, mkiwa wawili, akiwa ameshakula na amepumzika: mtu akimwita binti yetu mtumwa, nani katika ushirika wetu angesimama? Halafu umwache. Usimjibie. Akikujibu kwamba kiongozi angesimama, vizuri sana, mwende pamoja mkamwambie asimame.

Maana kwenda mtakwenda. Mathayo 18 inasema ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Umekaa na neno hili tangu Septemba, ukalisimulia kwangu niliye ng'ambo ya bahari, na mwenyewe hajalisikia. Wema aliokutendea usikufunge mdomo. Mtu aliyembeba mwanao garini alfajiri anastahili kuambiwa ukweli kuliko mgeni. Ukinyamaza kwa sababu ya chakula alicholeta, utakuwa umekigeuza chakula kile kuwa deni, naye hakukileta hivyo.

Usiende na hotuba ya ubaguzi wa rangi Marekani. Atajitetea, atakuambia ana marafiki Weusi, na mmojawapo ni wewe. Nenda na mambo matatu aliyoyatenda. "Ulicheka chakula changu kilipoitwa paka. Uliniambia mimi si kama wao, nami ni kama wao. Nilipokuambia binti yangu ametukanwa, uliita mchezo." Usilitaje jina la Trump hata mara moja, kwa sababu ukilitaja tu mazungumzo yatakuwa ya Trump, nawe hukuja kwa ajili yake. Na kwa kuwa kicheko kilitoka mbele ya watu, muombe aseme mbele ya watu walewale kwamba alikosa. Huko Antiokia, Petro alipojitenga na meza ya watu wa mataifa, Paulo alimkemea mbele ya wote, sababu kosa lilikuwa la mbele ya wote.

Atakuambia tena habari ya shetani kutugawanya. Hapo nataka uwe na jibu.

Fungua Matendo 6. Kanisa ni changa na limejaa Roho, na tayari wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanarukwa wakati wa kugawa chakula. Watu wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia kwamba manung'uniko yanaleta mgawanyiko, wala hawakuwataka waombe zaidi ili waone upendo. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba, na majina yao, kuanzia Stefano na Filipo, yote ni ya Kiyunani. Yaani ghala lilikabidhiwa upande uliokuwa unarukwa. Na baada ya hapo Luka anaandika kwamba neno la Mungu likaenea. Mimi nikikaa na akina mama huwa nawauliza: kanisa lenu lingechagua saba wa wapi?

Lakini kanisa halikuendelea hivyo. Mwishoni mwa karne ya 18, huko Philadelphia, Wamethodisti Weusi walikuwa wamepiga magoti wakiomba katika kanisa la St. George's, na msimamizi akaja kumvuta Absalom Jones ainuke kwa sababu alikuwa amepiga magoti mahali ambapo Weusi hawakutakiwa. Jones aliomba aachwe wamalize sala. Hakuachwa. Sala ilipokwisha walitoka wote pamoja, na mwenzake Richard Allen ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa AME, dhehebu la Wamethodisti Weusi lililoundwa 1816. Siku hizi utasikia watu wakisema Weusi walijitenga. Waliondoka, ndiyo. Aliyegawanya ni yule mwenye mkono uliovuta.

Wabaptisti wa Kusini nao walianza 1845, pale Augusta, Georgia, walipogombana na wenzao wa Kaskazini waliokataa kumtuma mwenye watumwa kuwa mmisionari. Miaka 150 ikapita ndipo wakaomba msamaha rasmi, mwaka 1995. Nakutajia hao kwa sababu nyingine pia, na hii iko karibu na nyumba yako. Mwaka 2017 mchungaji Mweusi wa kwao, Dwight McKissic wa Arlington, hapo kati ya Dallas na Fort Worth, alipeleka azimio kwenye mkutano wao mkuu wa Phoenix la kulaani wanaohubiri ukuu wa Wazungu. Kamati ikaliweka kando. Watu wakachukizwa, kukawa na fujo ya maneno, na siku iliyofuata mkutano ukapitisha azimio la kulaani, likiwa limeandikwa upya. Hakulia chumbani na hakuhama usiku uleule. Alisimama kwa watu wake na kuwaita kwa jina. Ila nikuambie ukweli, miaka mitatu baadaye baadhi ya wachungaji Weusi maarufu waliondoka katika umoja huo kwa sababu ya mivutano hiyohiyo ya rangi, nami siwezi kusema walikosa.

Ndiyo jibu langu la kuhama. Sema kwanza. Kiongozi akisikia, kaeni, hata kama anasikia polepole na kwa aibu. Akikataa, nenda kwa mchungaji na mumeo ubavuni. Mchungaji naye akikuambia usilete siasa, ondokeni mchana, mkiaga, mkishukuru kwa chakula cha wakati wa upasuaji. Hutakuwa umegawanya mwili wa Kristo. Utakuwa umehamisha kiungo kimoja kilichokanyagwa.

Usisubiri mambo hayo yaishe ndipo uende kwa jirani. Jumapili hii nendeni lile kanisa la Wamarekani Weusi, na binti aje. Atakutana na mama wazee walioketi viti vya mbele na kofia zao, ambao wamewahi kuitwa majina mabaya kuliko hayo ya kwenye simu, na bado wanaimba. Mwambieni mmoja wao kilichompata mtoto. Nadhani atajua la kufanya kuliko mimi na wewe. Mumeo akisikia siasa katika mahubiri, na avumilie kama anavyoivumilia kule kwingine.

La Wakenya pia usilidharau, ila ukienda, kaa na kabila lisilo lako.

Imebaki Meza ya Bwana. Watu wengi wameisoma Mathayo 5 vibaya, na naona nawe umefundishwa hivyo. Yesu hakusema ukiwa na hasira uache sadaka yako. Alisema ukikumbuka kwamba ndugu yako "ana neno juu yako", hapo ndipo uiache madhabahuni uende ukapatane. Mwenye neno ni wewe. Kwa hiyo wa kuiacha sadaka na kukutafuta ni yule aliyecheka. Yeye hajui bado, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kumwambia.

Na uangalie mkate ukitumiwa kutenganisha watu hufika wapi. Mwaka 1857 sinodi ya kanisa la Kiholanzi huko Afrika Kusini ilikubali kwamba ingekuwa vizuri Weusi na Wazungu kushiriki pamoja, lakini kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ikaruhusu wakutane mbalimbali. Ulikuwa upole tu, hakuna aliyepiga kelele. Kutoka hapo yakazaliwa makanisa kamili ya rangi, na wenye apartheidi wakapata mfano wa kuiga ukiwa tayari umebarikiwa. Ilibidi wale waliotengwa wenyewe waandike ungamo la imani pale Belhar, kitongoji cha Cape Town, wakalipitisha 1986, kusema kwamba kutenganisha watu kwa rangi ni kuikana Injili.

Basi usijitenge na Meza kwa ajili ya udhaifu wa mtu mwingine. Pita mbele, pokea, na hasira yako ukiwa nayo. Kisha jioni mpigie kiongozi simu umuulize ni siku gani ana nafasi ya chai, wewe na mumeo mnakuja.

Mama Mchungaji